Kwa Mama Kakule, Uliyepewa Mwanangu Siku za Mechi

Mpendwa Mama Kakule, mama mwenzangu,

Kabla hujaketi, kabla hujamwita jirani akushike mkono: Kakule ni mzima. Yuko kwangu hapa Kasese. Anakula, anatembea mpaka mlangoni na kurudi, na leo asubuhi amelalamika kwamba chai yangu haina sukari. Mtu anayelalamikia chai hafi. Alikuwa amekuja kununua chumvi ya Katwe, malaria ikamkamata njiani, akashushwa kwenye lori pale sokoni akiwa hawezi hata kutaja jina lake. Muuza ndizi mmoja alimtambua, akasema huyu si yule mtoto wa mpira wa kikapu, wa Mama Kakule Mkongo? Akaja kunigongea.

Barua naituma wazi, bila bahasha, kwa sababu pale Bwera mpakani bahasha huchanwa hata hivyo, na anayeichana hukasirika kwa kazi aliyojipa mwenyewe. Afande, kama ni wewe unayesoma, soma haraka. Upande wa pili kuna mama anangoja.

Sasa shida ni hii. Leo ni siku ya tisa tangu mwanao aingie nyumbani mwangu. Malori ya chumvi yanapita hapa kuja kwenu Butembo kila baada ya siku mbili. Ningeweza kukuandikia siku ile ile ya kwanza, na wewe ungelala usingizi. Sikuandika. Sikukosa karatasi, sikukosa mtu wa kutuma. Nilikuwa nakuonea wivu, na wivu wenyewe ni wa zamani, una umri wa kuoa.

Wewe unayakumbuka yale yote, najua. Lakini unayakumbuka ukiwa upande wako wa benchi. Upande wangu hukuwahi kukaa.

Ulikuwa umefika Kasese na watoto wawili na beseni moja la vitenge, baada ya zile vurugu za kwenu. Mumeo alibaki nyuma na habari zake hazikuja. Mume wangu mimi alikuwa hai, ila alikuwa wa mgodini, anashuka chini ya ardhi kwa zamu, akipanda juu analala. Kwa hiyo wakati Mwalimu Yona alipoanzisha klabu yake ya vijana, miaka ya sitini ikielekea kuisha, nyumba yako na yangu zilikuwa na mzazi mmoja mmoja wa kutumwa. Baluku wangu na Kakule wako walikuwa na miaka kumi na minne. Mwalimu alikuwa ameujua mchezo huo wa kikapu chuo cha ualimu, akarudi nao kama mtu aliyerudi na dini mpya. Alichimbia miti miwili nyuma ya parokia, akapigilia pete za mapipa, akachora mistari kwa majivu. Lakini kabla hajawaonyesha watoto hata namna ya kudunda mpira, alituita sisi wazazi.

Unakumbuka alivyosimama na filimbi shingoni, mtu mwembamba vile, anatuangalia kama sisi ndio tuliochelewa darasani? Alisema, "Wazazi, mtoto mimi nitafundisha. Shida yangu ni nyinyi." Mwaka uliotangulia, katika mechi yake ya kwanza kabisa, kule alikofundisha kabla ya kwetu, baba wawili walikuwa wameshikana mashati kwa sababu mtoto wa mmoja alitolewa na wa mwingine akaingizwa. Hakutaka kuyaona tena. Basi akatuambia anachotaka. Mzazi aje kwenye kila mechi, hata ikiwa Bwera, hata mvua inyeshe. Jezi za timu nzima zifuliwe na mama mmoja kila wiki, kwa zamu, zianikwe kivulini. Wageni wale kwanza, watoto wetu wale baadaye. Mtu asimwulize kwa nini mwanawe alikaa nje mpaka kesho yake baada ya misa, hasira ikiwa imeshalala. Na pale uwanjani ni Kiswahili tu, maana tulikuwa wa makabila yote ya mgodini na relini, naye hakutaka mzazi amfundishe mtoto kwa siri kwa lugha ya nyumbani. Ndiyo maana wewe na Kinande chako na mimi na Lhukonzo yangu, lugha mbili ambazo ni dada, tuliongea Kiswahili miaka yote, na hata leo naona nikikuandikia kwa lugha nyingine hutanijua.

Hayo tuliitikia kwa vichwa. Ndipo akaja na lile la mwisho.

"Siku ya mechi hakuna mtu kuangalia mtoto yake. Tutabadilishana. Mtoto ya wewe anakaa na mwenzako. Uji, maji, kiatu, kilio, yote kwa mwenzako. Kinyozi hajinyoi." Akatuzungukia akigawa watoto kama anayegawa madaftari. Alipofika kwetu alisema, "Mama Baluku, chukua Kakule. Mama Kakule, chukua Baluku. Bwana zenu hawako, mtasaidiana."

Mimi nilicheka, hata nikakupiga begani. Nilidhani ni mchezo.

Mechi ya kwanza Baluku alitoka anatweta, akaenda kuketi kwako mwisho ule wa benchi. Wewe hukumwambia kitu. Ulipiga magoti, ukamfungua kamba za viatu, kimoja, halafu kingine, polepole, kama mtu ambaye hana soko la kuwahi. Na Baluku akaanza kuongea. Mama Kakule, Baluku yule! Mtoto ambaye nyumbani ukimwuliza habari za shule anakujibu kwa bega. Aliongea mpaka mikono ikaingia kazini, na wewe unaitikia "eee, eee", macho yako chini. Mimi nimeketi mwisho wa pili na kibuyu cha uji, Kakule wako ananyoosha kikombe, nami nimegeuza shingo mpaka uji ukamwagikia goti lake. Alisema, "Aksanti, mama," kama kwamba nimempa.

Ndipo wivu uliponiingia, na haukutoka.

Ulikuwa unaleta sombe na obundu, ule ugali wenu wa muhogo. Sombe, mboga ya majani ya muhogo ambayo Baluku alikuwa anaisukuma pembeni ya sahani yangu tangu aache kunyonya! Akirudi nyumbani ananiambia sombe ya Mama Kakule ina mawese, mama, na haina mchanga. Haina mchanga! Nilipika sombe wiki nzima mpaka baba yake akauliza kama soko limefungwa.

Na ile ya mshono. Hii hujui. Zamu yangu ya kufua ilipofika, nilikuta jezi ya Baluku imeshonwa kwapani kwa uzi mzuri, sindano ndogo ndogo, safi. Mshono ule haukuwa wangu. Nilikaa na ile jezi mapajani kwa muda, nikiuangalia kama mke anayekuta kitana kisicho chake. Halafu nikachukua wembe, nikaufumua wote, nikashona wangu. Mimi kushona sijui, unajua. Jumamosi, mpira wa pili tu aliorusha, kwapa likafunguka mpaka kiunoni, uwanja mzima ukacheka. Ulimwita wakati wa mapumziko, ukatoa sindano kwenye kitambaa cha kichwa, ukamshona hapo hapo akiwa ameivaa. Ulidhani uzi ulikuwa mbovu. Kumbe mbovu nilikuwa mimi.

Sheria ilinikataza kuita jina la Baluku, nami nina koo, Mungu hakuninyima hilo. Kwa hiyo nililitumia kwa Kakule. "Kakuleee! Kakule, panda! Kakule, rusha!" mpaka milima ikanirudishia. Mdomo wangu ulikuwa kwa wako na macho yangu kwa wangu. Nadhani uwanja wote ulijua hilo isipokuwa Kakule mwenyewe.

Sasa tufike Bwera, maana ndiko kidonda kiliko.

Tulipanda lori la kahawa, timu na wazazi, tukafika tumekuwa wekundu kwa vumbi. Uwanja ulikuwa karibu na soko, na wafanyabiashara wa pande zote mbili waliacha vitu vyao wakaja kuangalia. Baluku alicheza siku ile kama aliyeambiwa ni ya mwisho. Kipindi cha pili aliruka na kijana mmoja mnene wa Bwera, akaangukia mguu, akabaki chini ameshika kifundo. Akapiga ukelele, "Mama!"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Niliamka. Sikuiona benchi, sikumwona Mwalimu, nilimkanyaga hata Kakule. Nilifika wa kwanza, Mama Kakule, nilikushinda kwa hatua nyingi. Nikainama, nikasema, "Niko hapa, baba." Na Baluku akaangalia juu ya bega langu. Alikuwa anakutafuta wewe. Ulipofika aliachia mguu, akakunyooshea ushughulikie.

Uliketi chini kwenye vumbi ukauchukua ule mguu. Nami nikasema lile neno. Nilisema mbele ya Bwera yote, "Umekimbia kwenu bila mume, sasa unatafuta mtoto wa kuongeza?"

Watu waligeuka kuniangalia. Wewe uliuweka mguu wa Baluku chini, taratibu, ukapangusa mikono kwenye kitenge. Ukasema, "Muchukue, Mama Baluku. Ni wako. Mimi nilikuwa namushikia tu." Ukaenda kuketi umeupa uwanja mgongo.

Neno lile sikuwahi kuliombea msamaha. Tulirudi katika lori moja, tukaonana sokoni mara ngapi, nikakupita nikijifanya nahesabu nyanya. Naliombea leo, mbele ya afande na wauza chumvi wote watakaoisoma barua hii. Nisamehe. Lilikuwa neno baya na nililichagua kwa sababu lilikuwa baya.

Mzazi akivunja sheria, mtoto wake alikaa nje mechi tatu. Mwalimu hakuwa mtu wa kupindisha. Baluku alikaa nje mechi tatu kwa kosa langu, mguu wake umepona, mikono imekunjwa kifuani, na nyumbani hata lile bega likanyamaza. Baadaye kabisa nikasikia kwamba ulikwenda kwa Mwalimu kumwombea. Ulimwambia, "Mutoto hana kosa, na mama yake hana kosa, ni moto ya mama tu." Mwalimu alikataa, lakini Baluku alijua kwamba ulikwenda. Mimi mama yake sikwenda. Niliona haya. Hata kuniombea msamaha ulinitangulia, na badala ya kushukuru nikazidi kuchukia. Ndivyo nilivyo. Ukitaka kujua wivu ni nini, ni kumchukia mtu kwa wema aliokutendea.

Mwaka uliofuata kwenu kulitulia ukarudi. Siku ya kuondoka ulipita kwangu kuaga, nami nilijificha chumbani, nikamtuma Baluku aseme nimeenda Karusandara kwa dada yangu. Nilikusikia ukisema, "Musalimie mama sana." Ulijua nilikuwa ndani. Kandambili zangu zilikuwa mlangoni.

Baluku sasa ni mwalimu, yuko Bwera, na ana klabu yake ya watoto. Wazazi wa huko wananilalamikia mimi, wanasema mwanangu ni mkali, eti amewakataza kuwaangalia watoto wao. Kila likizo akija ananiuliza, kabla hajaweka mfuko chini, "Habari za Mama Kakule?" Kabla hajaweka mfuko chini! Nami namjibu, "Nitajuaje, niko Butembo?"

Sasa unaelewa ilivyokuwa Kakule alipoletwa mlangoni kwangu amebebwa. Nilimlaza kwenye kitanda cha Baluku. Nilikwenda zahanati mwenyewe kutafuta kwinini, nikampangusa, nikamlisha uji kwa kijiko kama mtoto wa kunyonya. Na ndani ya moyo, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema, haya, Mama Kakule, leo wako yuko mkononi mwangu. Na wewe ukae huko usijue. Nilitaka uonje, hata kama hujui kwamba unaonja. Lori la kwanza likapita nikasema nitatuma la pili. La pili likapita nikasema anaumwa sana, nikiandika sasa nitamtisha mama wa watu. Sababu hazinikosi, unanijua.

Siku ya nne, mchana, homa ilikuwa juu, akaita, "Mama." Nilikuwa jikoni, nikaja mbio na mikono ya unga. Nikamwambia niko hapa. Akafungua macho, akaniangalia vizuri kabisa, halafu akageukia ukutani. Alikuwa anakutaka wewe. Wote wawili, Mama Kakule! Wangu na wako, wote wakiita mama wanakutaka wewe. Nilirudi jikoni nikakanda ule unga mpaka ukawa jiwe. Lori la siku ile pia nikaliacha lipite.

Juzi homa ilikuwa imemwacha, ameketi nje juani amejifunga blanketi, tukaanza kuzungumza ya zamani. Nikamtania, nikasema mama yako alikuwa bora kuliko sisi wote pale kwenye benchi, kimya kama mtawa. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mama? Mama alikuwa anakuonea wivu wewe."

Nikamwambia usinidanganye, una homa.

"Kweli, mama. Sauti yako. Ulikuwa unaita jina langu mpaka milima inasikia. Nikirudi kwetu naeleza, Mama Baluku aliniita hivi, Mama Baluku aliruka hivi. Yeye anakasirika. Anasema, 'Enda basi ulale kwake, mwenye kelele.' Siku moja alijaribu kuita na yeye, kule nyuma ya nyumba, peke yake. Sauti ilikataa kutoka. Akalia."

Nilimwambia jua ni kali, arudi ndani. Nikaenda nyuma ya choo nikasimama pale. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Kumbe tulikuwa wawili! Kumbe miaka yote ile ulikuwa umeketi mwisho wako wa benchi, mikono magotini, unaungua kama mimi, ila wewe moshi wako haukutoka. Nimefurahi, sikufichi, nimelala vizuri juzi. Lakini pia nimeona aibu, kwa sababu ulichonionea wivu kilikuwa cha uongo. Nililiita jina la mwanao nikimwangalia wangu. Sikumwambia. Naye ameyabeba yale makelele miaka yote kama mali.

Basi jana jioni, tukila, akaweka kijiko chini akaniuliza, "Mama anajua niko huku?"

Nikajibu, "Anajua. Nilimtumia barua siku ile ile ulipofika."

Ilitoka hivyo, laini. Akashusha mabega. Akasema, "Nilijua tu. Nilijua wewe hungemuacha mama yangu na wasiwasi." Akaendelea kula, akaongeza, akamaliza chungu.

Mimi sikumeza tena kitu. Nimeamka nikachukua kalamu.

Jumamosi kuna lori. Baluku atakuja kumchukua na watafika Bwera pamoja saa za mchana, basi na wewe njoo mpakani umpokee. Baluku atakuona, na najua uso wake utakavyokuwa, na tayari roho inaniuma hapa nilipo. Nitakuja na mimi. Usishangae nikiongea sana.

Ila nina ombi. Sina haki nalo, na sina mtu mwingine wa kumwomba. Barua hii wataisoma wengi njiani, waache waisome, waniseme. Kakule asiisome. Ukishaimaliza ichome. Na akikuuliza habari zilikufikia lini, mwambie zilikufikia siku ya kwanza. Mwambie Mama Baluku hakukawia.

Kwaheri mpaka Jumamosi.

Ni mimi mama mwenzako,
Mama Baluku